Nina klipu 34 za shoo ile, ila shoo yenyewe sikuiona

Leo sina umbea wa msanii yeyote. Umbea wa leo ni wangu mwenyewe, na kiukweli unaniaibisha.

Mwaka juzi mwezi wa kumi na mbili tulikwenda shoo Kinondoni, mimi na shoga yangu niliyesoma naye tangu form one. Msanii simtaji. Kiingilio tulijichangisha wiki mbili, nauli ya kurudi tukasema Mungu mkubwa. Mimi nilijaza chaji mpaka mia, nikaweka bando, nikafuta picha za zamani ili simu ipate nafasi. Utadhani nimeajiriwa.

Na kweli nilifanya kazi. Jamaa alipopanda tu jukwaani, mkono wangu juu, na haukushuka mpaka mwisho. Ukitazama mbele humuoni msanii, unaona misimu tu, na ndani ya kila simu kuna kamsanii kadogo.

Ulipoingia ule wimbo wake wa taratibu, shoga yangu akanivuta bega. "We, nina kitu nataka nikwambie." Nikamwambia, "Nyamaza bwana, unaniharibia video." Akanyamaza.

Siku ya nne napigiwa simu, mtu yuko uwanja wa ndege anakwenda Oman kufanya kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Kile alichotaka kuniambia ni kwamba viza imetoka. Nilipomuuliza mbona alikaa kimya siku zote hizo, akanijibu, "Nilitaka nikwambie siku ile tukiwa na raha zetu. Nikaona uko bize."

Hilo neno "bize" nimelala nalo sana.

Kuanzia hapo nikawa nafuatilia hii ishu ya wasanii kukataza simu. Kumbe wenzetu walishaanza zamani. Kate Bush mwaka 2014 kule London aliwaomba tu mashabiki wasirekodi, kwa upole. Marekani kuna kampuni inaitwa Yondr, imeanza mwaka huo huo wa 2014. Mlangoni simu yako inaingizwa kwenye kimfuko kinachojifunga, unakaa nacho mwenyewe, ila kukifungua mpaka utoke eneo la shoo. Alicia Keys kavitumia, Madonna kavitumia kwenye ziara yake iliyoanza 2019, mpaka mzee Bob Dylan naye.

Mwanzoni nikasema safi sana, vije na huku. Halafu nikawaza vizuri. Huku simu ndiyo pochi. Hela ya soda iko kwenye simu, hela ya boda ya saa nane usiku iko kwenye simu, na mkipotezana kwenye ule umati utampataje mwenzako? Mama nyumbani anapiga kila nusu saa, akikukosa atajua umeshakufa. Na tusidanganyane, wasanii wetu wenyewe wanazitaka hizo klipu. Sisi ndio matangazo yao ya bure. Asubuhi shoo isipojaa kwenye stetasi za watu, wanasema imebuma.

Kwa hiyo mimi simo kwenye kufungiwa simu. Tatizo halikuwa simu, tatizo nilikuwa mimi niliyeona video ina thamani kuliko mtu aliyesimama pembeni yangu. Zile klipu zenyewe 34, niliposti tatu. Zilizobaki sijazirudia, sauti inakwaruza na picha inacheza kama tetemeko.

Isipokuwa moja. Ile ya wimbo wa taratibu. Shoga yangu haonekani, ila anasikika kabisa: "We, nina kitu nataka nikwambie." Halafu nasikika mimi. Nimeisikiliza mara nyingi, na sikuwahi kumtumia kwa aibu.

Siku hizi nikienda shoo narekodi wimbo mmoja, simu inaingia kwenye mkoba. Nyimbo mbili za mwanzo mkono unawasha, nadanganya bure. Baadaye unazoea. Unaanza kuona jasho la mpiga ngoma, unaona mdada wa pembeni anavyolia, unajua nyimbo kumbe unazijua.

Wiki iliyopita shoga yangu kanipigia, amemaliza kazi saa sita usiku, amechoka. Akasema amekumbuka kelele za Dar, nimtumie chochote cha siku ile. Nikajikaza, nikamtumia hiyo hiyo. Nikakaa nasubiri, tiki zimekuwa za bluu, kimya. Mwisho ikaingia voisi ya sekunde tano, anacheka na analia kwa pamoja:

"Unaona sasa? Wa kunyamaza alikuwa wewe."

Haya wadau, na wewe ulimnyamazisha nani kwa ajili ya video? Dondosha hapo chini, leo hatuchekani.