Harusi ya saa nne, diski ya giga nne

Kibati, wilaya ya Nyiragongo. Wengi wenu mnanijua kwa habari za barabara, maji na usalama. Leo naandika juu ya kazi ambayo watu huniletea jioni, habari zikiisha: filamu za familia. Harusi, matanga, ubatizo, sherehe ya diploma. Mtu anafika na fleshi au kadi ya kamera imefungwa kwenye kona ya kitenge, anauliza: "Hii yote itaingia kwenye DVD moja, na sura za watu zibaki kuonekana?"

Kwa mtu wa sehemu nyingine swali hilo ni la mchezo. Hapa siyo la mchezo. Sisi tunaishi kando ya barabara ya Goma kwenda Rutshuru, na kila vita hupita mlangoni petu. Mwaka 2008 kambi za Kibati zilijaa, kisha zikakimbiwa. Mwaka 2012, siku chache kabla ya M23 kuingia Goma tarehe 20 Novemba, kambi ya Kanyaruchinya ilibaki tupu kwa usiku mmoja. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, moto ukateremka mpaka Buhene, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Mwisho wa mwaka 2022 watu wa Rugari, Kibumba na Rutshuru walishuka tena, wakajazana Kanyaruchinya. Mara zote hizo mtu anatoka na kile mikono inaweza kubeba. Albamu ya picha ni nzito. Fleshi inaingia mfukoni, na filamu iliyo ndani yake inaweza kuwa picha pekee ya baba aliyefariki, au ya nyumba ambayo haipo tena.

Vijana huniuliza kwa nini nahangaika na DVD wakati kila mtu ana simu. Nawajibu kwamba simu inaibiwa, inauzwa mwezi wa njaa, na ikijaa mtoto anafuta harusi ya bibi yake ili apate nafasi ya mchezo. Kutuma kwa WhatsApp kunakula mega, na mara nyingi filamu inafika imebanwa sana. DVD iliyokwisha kuandikwa haifutwi kwa kidole. Halafu watu kumi na tano wanaweza kuiangalia pamoja chini ya shitingi, kwa televisheni ndogo na betri ya kuazima. Hiyo ya kuangalia pamoja ndiyo wanaitafuta zaidi.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana ndani yake ndimo ubora wa picha hupotelea.

Diski ya kawaida, ile tunayonunua Birere, imeandikwa giga 4.7. Ukiiweka kwenye kompyuta utaona 4.37, na watu hudhani wameuziwa ya uongo. Haina kosa: kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Ziko pia diski za tabaka mbili, giga 8.5, lakini bei yake ni kubwa na mashine nyingi za zamani zinazikataa. Kwa hiyo mimi nahesabu na 4.7 peke yake.

Diski haijali dakika. Inajali kila sekunde ya filamu imepewa megabiti ngapi. Njia yangu ya haraka: chukua 600, gawanya kwa dakika za filamu. Filamu ya dakika 120 inapata 5 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Ya dakika 100 inapata 6. Ya dakika 60 ingepata 10, lakini sheria ya DVD hairuhusu picha kupita 9.8, na mimi sivuki 8 maana mashine za zamani huanza kukwama. Kati ya 5 na 8 macho ya kawaida hayataona shida kwenye televisheni. Kwenye 4 utaanza kuona ukungu watu wakicheza. Chini ya 3, sura zinavunjika vipande vya mraba.

Hapo ndipo mtu ananionyesha zile diski za sokoni zenye filamu kumi kwa moja. "Wale wanaweza, wewe unashindwa?" Wale wanapunguza kila filamu mpaka ibaki kama kivuli. Mwigizaji maarufu hata akiwa kivuli utamtambua. Shangazi yako aliyesimama safu ya nne, nyuma ya tarumbeta, hutamtambua.

Tuelewe kwa nini huyo shangazi ndiye anapotea wa kwanza. DVD ina picha 25 kila sekunde, lakini haihifadhi zote nzima. Inahifadhi moja nzima kila baada ya nusu sekunde hivi, na kwa zile za katikati inaandika tu kilichobadilika. Padri akihubiri na kamera imetulia, kinachobadilika ni mdomo na mkono, kazi nyepesi. Lakini watu mia mbili wanacheza, vumbi linapanda, migomba inatikisika nyuma, na kameramani naye anatembea: hapo kila kitu kimebadilika. Megabiti zikiwa chache, programu inatupa vitu vidogo kwanza, na sura ya mtu wa mbali ni kitu kidogo. Giza linaongeza ubaya. Filamu ya jioni yenye taa hafifu imejaa chembechembe zinazoruka, na programu inazihesabu kama mwendo, inazilisha nafasi ambayo ingelisha sura.

Mwaka huu mama mmoja wa Rugari aliniletea DVD ya harusi ya binti yake wa kwanza, ya Agosti 2016. Studio moja ya mjini ilikuwa imemwandikia yote kwenye diski moja: saa 3 na dakika 50. Alikuwa amelipa, amesubiri wiki mbili. Bibi harusi alionekana vizuri akiwa karibu. Wengine wote walikuwa rangi zinazotembea. Mama huyo hakuwa anamtafuta bibi harusi, maana binti yuko naye. Alikuwa anamtafuta kaka yake, ambaye hawajapata habari zake tangu waachane njiani wakikimbia. Hana picha yake nyingine. Aliniambia, "Mwanangu, najua yuko humo, alivaa koti la kijivu. Lakini kila koti la kijivu halina uso."

Niliifungua ile diski kwenye kompyuta niione ilivyotengenezwa. Dakika 230: 600 gawanya kwa 230 ni 2.6. Hiyo peke yake ni haba. Lakini sauti ilikuwa imewekwa bila kubanwa, ya aina ya PCM, ambayo inakula megabiti 1.5 kila sekunde. Picha ilibakiwa na 1.1 hivi, sawa na zile VCD za zamani, tena VCD picha yake ni ndogo na haihitaji mengi. Zaidi ya nusu ya diski ilibeba sauti, na sauti yenyewe ni ya spika iliyopasuka. Ukichagua sauti ya AC-3, inatosha megabiti 0.2, na hakuna sikio litakalolalamika. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotazama siku hizi filamu ikija imeharibika.

Bahati ni kwamba ile DVD haikuwa mwisho wa habari. Filamu ikishabanwa, kilichotupwa kimetupwa, hakuna programu itakayorudisha uso wa mtu. Ukiichukua DVD mbaya na kuitengeneza upya unabana kilichobanwa. Dawa ni kurudi kwenye chanzo, kama kilivyotoka kwenye kamera. Kameramani aliyepiga harusi ile alikuwa amekimbia naye, tukampata Goma kwa kuuliza watu wa parokia yake, na alikuwa bado na mafaili kwenye diski ngumu. Nasema kwa heshima: kazi ya yule mtu, kubeba harusi za wengine mgongoni wakati anakimbia, haijalipwa na yeyote.

Tukawa na chanzo. Lakini dakika 230 zilibaki 230.

Kijana anayenisaidia alipendekeza tukate foleni ya zawadi. Mnaijua: watu wanapita mmoja mmoja, huyu na sufuria, huyu na kitenge, huyu na bahasha, huyu anavuta mbuzi, dakika 48 za wimbo mmoja unaorudia. Mtengenezaji yeyote wa filamu angeanza kukata hapo. Mama alikataa kabisa. Alisema ni pale tu kila mtu wa kijiji anasimama mbele ya kamera, karibu, peke yake. Akaanza kuwataja wanavyopita: huyu amefariki, huyu yuko Nakivale, huyu sijui, huyu alikuwa jirani yangu upande wa juu. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa anasoma kitabu cha watu, na mimi nilikuwa nimekiona kama foleni.

Tukakata vingine. Magari yakipiga honi barabarani, dakika 14. Hotuba ya mgeni wa heshima ilibaki dakika 2 kutoka 11. Tuliondoa mapambo ya kompyuta pia, yale maua yanayodondoka na mioyo inayozunguka juu ya sura za watu. Mapambo hayo, licha ya kuchosha macho, ni mwendo mtupu na yanakula megabiti kama ngoma. Tukafika dakika 200. Tukazigawa kwenye diski mbili za dakika 100, kanisa na mahari kwenye ya kwanza, sherehe na zawadi kwenye ya pili. 600 kwa 100 ni 6. Familia ilitaka diski moja kwa sababu ya bei, lakini waliposikia kwamba moja ingerudisha hesabu kwenye 3, mzee mmoja akasema diski ya pili itanunuliwa, na ikanunuliwa.

Kuna jambo jingine lililosaidia, nalo linagharimu umeme. Programu nzuri inaweza kupitia filamu mara mbili. Mara ya kwanza inatazama tu wapi kuna mwendo na wapi kumetulia. Mara ya pili inaandika, ikichukua megabiti kwa padri na kuzipeleka kwa wachezaji. Jumla ni ile ile, mgawanyo ndio unabadilika. Kompyuta yangu ni ya zamani, kila diski ilichukua karibu saa saba, na umeme ulikatika mara mbili, tukaanza upya kila mara. Kwa filamu fupi sijisumbui, maana megabiti zinatosha kila mahali. Kwa hii ilistahili.

Niseme ukweli pia: DVD haiwezi kubeba yote kamera iliyoona. Kamera ya 2016 ilipiga picha ya nukta 1,920 kwa 1,080. DVD inabeba 720 kwa 576. Anayekuahidi kwamba hakuna kitu kitapotea anakudanganya. Kinachowezekana ni kwamba mtu aliyekaa mita mbili kutoka kwenye televisheni asione tofauti. Kwa hiyo yale mafaili ya kamera hayafutwi hata DVD ikitoka safi. Sasa yako mahali pawili, kwa kameramani na kwa binti, kwenye fleshi.

Koti la kijivu lilionekana kwenye diski ya pili, dakika ya 61. Anapita na jembe jipya limefungwa utepe, anacheka, anaangalia kamera moja kwa moja kwa sekunde tatu hivi. Tulisimamisha hapo. Kutoka kwenye faili la kamera, siyo kwenye DVD, tukatoa picha moja ya kusimama na kuichapa kwenye karatasi, ili mama aweze kuipeleka kwa wale wanaosaidia kutafuta ndugu waliopotezana. Mpaka ninapoandika hajapata jibu.

Kwa wengine wenye diski ndani ya mahema: vumbi letu ni la jiwe la lava, linakwaruza kama msasa. Diski ikae kwenye karatasi au kitambaa safi, isipanguswe kwa mzunguko bali kutoka katikati kwenda nje. Isianikwe juani, maana diski hizi za kuandika nyumbani zina rangi iliyoandikwa kwa mwanga, na mwanga wa jua unaiharibu polepole. Usibandike karatasi ya gundi juu yake; andika jina kwa kalamu laini ya wino.

Na kama una zile kaseti ndogo za MiniDV za miaka ya 2000, zilete kwa mtu mwenye kamera inayozisoma kabla kamera hiyo haijafa. Hapa Kibati naijua moja tu, na mlango wake tayari unafungwa kwa mpira.