Safari ya Debe la Mahindi: Kutoka Dodoma Hadi Kibaigwa

Msomaji mpendwa, kama hujapata kufika Dodoma, njoo nikutembeze. Safari yetu ya leo haitakuwa ya kutazama majumba ya Serikali, ingawa yapo na yanapendeza. Nataka tufuate debe la mahindi. Tulione linavyopimwa, linavyouzwa, na linavyopungua njiani pasipo panya wala fukusi kuligusa.

Kwanza uujue mji wenyewe. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba hapo kale tembo alikwenda kunywa maji, akanasa katika matope, na watu waliomwona wakasema, “Idodomya,” maana yake amezama. Kutoka hapo, wanasema, likapatikana jina la Dodoma. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba Dodoma itakuwa makao makuu ya nchi, na tangu mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa kishindo. Mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Watu wameongezeka, na kila aliyehamia amekuja na mdomo wa kula ugali.

Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Mgeni amekwisha kuja. Je, mwenyeji, yaani mkulima wa Bahi, wa Chamwino na wa Kongwa, amepona? Hilo ndilo swali tutakalokwenda nalo njiani.

MJINI

Ukishuka katika stendi ya mabasi ya Nanenane, pale Nzuguni, watakaokulaki kwanza ni wapigadebe. Tazama jina lao! Debe tupu, kama ujuavyo, haliachi kuvuma. Mmoja atakushika mkono, wa pili atanyakua mfuko wako, wa tatu atakutajia nauli aliyoitunga saa hiyo hiyo. Usibabaike. Nauli za mabasi ya mikoani hupangwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, nazo hutangazwa. Nenda ofisini kwa wenye basi, ulize nauli, lipa, dai tiketi iliyoandikwa kiasi ulicholipa. Wanaosafiri kwa treni ya umeme, iliyoanza kuleta abiria Dodoma mwezi wa Julai 2024, wamekwisha kuonja raha ya kujua bei kabla hawajafika stesheni.

Sasa tuingie madukani. Juu ya meza ya mwenye duka utaona karatasi imebandikwa: “Mali ikishauzwa hairudishwi.” Maneno hayo yamewaliza wengi wa vijijini. Mtu amenunua taa ya sola, amekwenda nayo kilometa 60, usiku akaiwasha, ikawaka robo saa ikazimika. Akirudi nayo mjini atalipa nauli ya kwenda na kurudi, nayo yaweza kuipita bei ya taa. Basi hukaa kimya, na kimya chake ndicho faida ya muuzaji.

Ndugu msomaji, karatasi ya ukutani si sheria ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, nayo iko Tume ya Ushindani ambayo kazi yake moja ni kumlinda mlaji asiuziwe kitu kibovu au cha bandia. Lakini Tume haitakuota ndotoni. Kabla ya kulipa, sema, “Naomba tuiwashe hapa hapa.” Baada ya kulipa, dai risiti. Ukiulizwa, “Unataka na risiti au bila risiti?” jibu kwamba unataka na risiti. Tangu mwaka 2010 mashine za risiti zimeletwa madukani, na karatasi ile ndogo ndiyo shahidi wako. Pasipo shahidi, kesi yako ni maneno matupu.

NJIANI

Tupande gari sasa, tuelekee mashariki kwa barabara ya Morogoro. Tutapita Ihumwa, kisha Buigiri. Huku na huku utaona mibuyu, vichaka vya miiba, na mashamba ya uwele, mtama na alizeti. Mvua ya Ugogo huja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na yaweza kusimama katikati ya safari kama gari lililokwisha mafuta. Kwa sababu hiyo Mgogo haangalii ghala lake kama mtu wa nchi ya mvua mbili anavyoliangalia lake. Ghala ndilo uhai wa nyumba.

Wazee hawakusahau njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, waliyoiita Mtunya. Ukame ulikuwapo, ndiyo. Lakini kabla ya ukame, majeshi ya vita kuu, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha kuchukua ng’ombe, nafaka, na vijana wa kubeba mizigo. Mbingu ilipofunga, ghala lilikuwa tupu. Watu walikufa kwa maelfu. Hapo tunajifunza kwamba njaa haishuki yote kutoka mawinguni. Sehemu yake huanza siku nafaka inapotoka nyumbani, na katika namna inavyotoka.

Tukifika Mbande tunaona njia ya kwenda Kongwa. Huko, mwaka 1947, Waingereza walianzisha mashamba makubwa ya karanga, wakaleta matrekta, wakafyeka pori. Udongo wa mfinyanzi ukawa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, majembe ya matrekta yakavunjika, mvua ikakosa. Mwaka 1951 kazi ikaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimepotea. Wenye elimu na fedha walianza kazi kabla ya kuipima vizuri ardhi na mvua. Kama wakubwa wale waliumizwa na kutopima, itakuwaje kwa mimi na wewe?

KIJIJINI, SIKU YA MNADA

Kabla ya Kibaigwa tuingie katika kijiji kimoja siku ya mnada. Jina lake halina haja, maana mambo haya utayakuta katika vijiji vingi. Ni mwezi wa Juni, mavuno yamekwisha, na ada za shule zinadaiwa. Mchuuzi amekuja na lori. Amebeba magunia yake mwenyewe, debe lake mwenyewe, na kamba zake mwenyewe. Mizani hana.

Debe lake utalijua ukilitazama: limepigwa nyundo mbavuni likatoka tumbo. Kila debe hulijaza mpaka liote kichuguu, kisha hulipiga teke nafaka ishuke, kisha hujaza tena. Gunia likijaa halifungwi. Huongezewa kilemba cha kamba mdomoni, na ndani ya kilemba hicho huingia debe lingine zima. Hiyo ndiyo lumbesa.

Siku moja nilisimama karibu nikasikia mchuuzi kijana akimtania mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza mahindi yake.

“Mama, ongeza. Hata Injili inasema kipimo kijae, kishindiliwe, kimwagike!”

Mama yule hakucheka. Akasema, “Mwanangu, kipimo hicho ni cha anayetoa sadaka. Wewe umekuja kununua.”

Kijana aliona haya kidogo, watu wakacheka, lakini kilemba kikajazwa vile vile. Mama alihitaji fedha siku ile.

Sasa, msomaji, chukua kalamu tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Debe la kawaida la mahindi makavu huwa na kilo 17 au 18 hivi. Madebe sita ni kama kilo 100, yaani gunia moja halali. Mwenye kuuza lumbesa ametoa madebe saba, pengine zaidi, akalipwa gunia moja. Akiuza magunia 10 namna hiyo, ametoa bure madebe 10.

Madebe 10 ni nini? Tuseme ni nyumba ya watu sita, wanaokula kilo mbili na nusu za mahindi kwa siku. Debe moja litawalisha wiki nzima. Basi madebe 10 ni wiki 10. Hesabu kuanzia Noeli: utafika mwanzoni mwa Machi. Ndiyo miezi ile ya kupalilia, watoto wanapokwenda shule na tumbo tupu na baba akienda kibarua katika shamba la mwenziwe huku lake likiota majani. Chakula cha miezi hiyo kiliondoka mwezi wa Juni juu ya lori, ndani ya vilemba 10 vya kamba, kwa jina la “kuongeza kidogo.”

Tena ona mwujiza wa vipimo. Februari yule yule anakwenda dukani kununua unga. Hapo debe halipo tena. Kuna kilo, nusu na robo, na mizani ya muuzaji iko nyuma ya meza, imegeuziwa uso ukutani. Au kuna kopo lililogongwa kitako kikaingia ndani. Wakati wa kuuza kipimo kilitoka tumbo, wakati wa kununua kimeingia tumbo. Mkulima amepunjwa mara mbili kwa nafaka ile ile.

KIBAIGWA

Kibaigwa iko karibu kilometa 90 kutoka Dodoma. Ukifika utajua bila kuambiwa: malori yamejipanga, vumbi la pumba liko hewani, na vijana wanapita mbio na magunia mabegani. Hili ni soko kubwa la mahindi. Huja kutoka Kongwa, Kiteto na kwingineko, na kutoka hapa huondoka kwenda Dar es Salaam na hata nje ya nchi. Hapa bei hutajwa kwa kilo, na mkulima anayefika na mzigo wake anaweza kusema, “Pima tuone.” Neno hilo dogo, pima tuone, lina thamani ya shamba.

Tena ujue kwamba sheria iko upande wako. Sheria ya Vipimo inakataza kufunga mazao kwa lumbesa, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Iko Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo hukagua mizani ya biashara kila mwaka na kuitia alama. Mizani isiyo na alama ya mwaka huu haifai kuaminiwa, hata kama mwenyewe anaimba kwaya.

Utaniuliza, “Kama sheria iko, mbona lumbesa ingalipo?” Ipo kwa sababu muuzaji yuko peke yake na shida yake, na mchuuzi anajua kwamba huyu akikataa, jirani atakubali. Wawindaji hufurahi wanyama wanapotawanyika. Hapo ndipo dawa ilipo.

TUFANYE NINI?

Ninyi mnaokusanyika katika jumuiya ndogondogo mmekwisha kuwa na kundi, hamna haja ya kuanzisha lingine. Nyumba 15 zikichanga kwa msimu mmoja zaweza kununua mizani moja ya kupimia magunia, kuipeleka ikakaguliwe na kutiwa alama, na kuiweka mahali pa wazi. Patanani kwamba hakuna atakayeuza nafaka nje ya mizani hiyo. Mchuuzi atanung’unika wiki ya kwanza. Wiki ya pili atapima, maana lori halirudi mjini tupu. Mwenye kudaiwa ada, msimwache auze kwa hofu. Mkopesheni hata nusu yake, awe na nguvu ya kusema hapana.

Lakini tusinyooshe vidole mjini tu. Nani anayeweka nyanya nzuri juu na mbovu chini? Nani anayetia maji katika maziwa, au mchanga katika karanga ili zizidi uzito? Ni sisi wa kijijini. Nabii Amosi aliwakemea waliofanya kipimo kuwa kidogo na bei kuwa kubwa, wakingoja kwa hamu sikukuu ipite wapate kuendelea kuwapunja maskini. Hakuuliza kama wanakaa mjini au shambani. Amri ya Saba ni moja kwa lori na kwa sinia la nyanya. Mtoto anayetumwa na mama yake kuuza karanga kwa kopo lililobonyezwa amefundishwa somo ambalo katekista atahitaji miaka kulifuta.

Kwa hiyo, mzazi mpendwa, Jumamosi hii tazama vipimo vilivyomo nyumbani mwako. Kopo lililobonyea, linyooshe au ulitupe. Mtoto wako mkubwa mfundishe kusoma mizani kama unavyomfundisha kusoma saa. Na mavuno yakija, mchuuzi akikuambia, “Ongeza kidogo tu,” kumbuka kidogo hicho ni wiki nzima ya ugali wa watoto wako. Mjibu kwa upole, bila matusi: “Karibu, bwana. Mizani ile pale. Tupime sote tukiona.”