Alichokiona Bwana Rebmann, na Alichokisoma

Upande wa Kisauni, huko Nyali, ng'ambo ya Mji wa Kale wa Mombasa, lipo kaburi la Rosine Krapf, mke wa mmisionari Ludwig Krapf. Mama huyo alifariki Julai, 1844, muda mfupi baada ya kufika, na mtoto wake mchanga akamfuata. Wengi wapitao njia hiyo kwenda kazini hawajui habari zake. Lakini anayezijua, kama ni mpenda kusoma, hataacha kukitafuta kitabu cha safari cha Krapf, kilichochapwa kwa Kiingereza mwaka wa 1860. Humo atakutana na habari moja ya Johannes Rebmann, mwenzake Krapf, itakayomfikirisha siku nyingi.

Bwana Rebmann alitoka Rabai mwishoni mwa Aprili, 1848, pamoja na Bwana Kheri aliyeongoza msafara. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima mmoja wa Uchaga, akadhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake, huyo hakuwa na jina la kitu kile ila alisema ni baridi. Rebmann, mzaliwa wa nchi ya Wadachi, akafahamu mara moja kuwa ni theluji. Akaketi chini ya mti, akafungua Biblia yake, akasoma Zaburi ya 111.

Habari ilipofika London haikusadikiwa na wote. Mwanachuoni mmoja, Bwana William Desborough Cooley, aliyekuwa akichora ramani za bara hili naye hakupata kufika Afrika, aliukataa ushahidi huo, na katika kitabu chake cha mwaka wa 1852 akaupinga tena. Ajabu ni kwamba mambo ya kumjibu yalikuwamo katika vitabu vya wanachuoni wenyewe. Alexander von Humboldt alikuwa amekwisha kueleza theluji ya mlima Chimborazo, huko Amerika ya Kusini, ulio karibu na Ikweta kuliko Kilimanjaro. Na hesabu yake si ngumu. Mtoto wa shule ya Changamwe aweza kuifanya. Joto la Mombasa kwa wastani ni digrii 27 hivi. Kila mtu apandapo mita 1,000 joto hupungua kadiri ya digrii 6. Kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895. Basi joto la huko hupungukiwa na digrii 35, likawa 8 chini ya kiwango cha maji kuganda.

Mwaka wa 1862 Baron Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya mlima, theluji ikamnyeshea. Mwaka wa 1871 Charles New, mmisionari wa Ribe, akaifikia theluji kwa miguu yake. (Theluji hiyo iliyobishaniwa sana sasa yaondoka: tangu mwaka wa 1912 hadi 2011 barafu ya Kibo ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.)

Katika shauri hili, basi, mtu wa dini ndiye aliyesema kweli, na mtu wa elimu ndiye aliyeshikilia maneno ya kitabu asikubali ushahidi wa macho. Wale wapendao kusema kuwa dini ni adui wa sayansi wangefaa kuisoma habari hii. Hata hivyo wasomaji wa upande wa dini wasifanye haraka kushangilia, maana ukurasa haujaisha.

Rebmann ameandika kuwa katika Zaburi ile aliguswa hasa na aya ya 6. Aya hiyo yasema kwamba Mungu amewaonyesha watu wake uwezo wa matendo yake, ili awape urithi wa mataifa. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Rebmann aliwaza bendera au askari. Yeye aliwaza roho za watu, na alikaa Rabai hadi mwaka wa 1875, macho yake yakiwa karibu kupofuka. Lakini mkulima wa Kisauni mwenye shamba lisilo na hati hawezi kuyapita maneno hayo bila kusimama. Macho ya Rebmann yaliona sawasawa kilichokuwa juu ya mlima. Swali la nani aliye mrithi, na nani wa kurithiwa, halikuweza kujibiwa kwa macho, wala Wachaga hawakuulizwa.

Miaka 38 baadaye swali hilo lilijibiwa na watu wa siasa. Mwaka wa 1886 serikali za Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mpaka, uanzie mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, uuzunguke Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini na kuuacha kwa Wadachi, kisha uende hadi ziwa Victoria. Wapo wasimuliao kuwa Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Wilhelm mlima huo alipokuwa Kaisari. Hayo si kweli. Wilhelm hakutawala hadi mwaka wa 1888. Mlima ulitolewa kwa mapatano ya kalamu na wino, wala hakuna Mchaga, Mtaveta wala Mdigo aliyeketi mezani.

Mpaka huo ungaliko. Mkaaji wa Taveta huuona mlima wote asubuhi isiyo na mawingu, na akitaka kwenda kuupanda kwa njia ya Moshi hupita Holili, akaonyesha hati zake.