Damu ya Mtoto Isiwe Kipimo cha Nyumba

Huku jimbo la New York, sheria inataka kila mtoto apimwe damu akiwa na mwaka mmoja, na tena akifika miwili, kuona kama ina madini ya risasi. Kwetu Kenya na Tanzania, kliniki ya watoto hupima uzito na kutoa chanjo, risasi haimo. Mtu wa ughaibuni akiiona tofauti hiyo husema mara moja kwamba tuige. Tuige, ila tuchague cha kuiga, maana kipimo hakizuii sumu, kinatangaza tu kwamba imeshaingia. Mwili wa mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya wa mtu mzima, na dawa za kuitoa, wanazopewa walioathirika sana, haziuponyi ubongo ulioharibika.

Mji wa Rochester, katika jimbo hilohilo, uliliona hilo. Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku majumbani Marekani mwaka 1978, lakini nyumba za zamani zilibaki nayo, ikibanduka madirishani na kuwa vumbi ambalo mtoto anayetambaa hulila kwa vidole vyake. Kwa miaka mingi mamlaka ilisubiri damu ya mtoto iharibike ndipo ikague nyumba. Sheria ya mji ya mwaka 2005 ikageuza utaratibu: nyumba ya kupanga hukaguliwa kwanza, awe amepatikana mgonjwa au la. Wenye nyumba walionya kwamba kodi zingepanda na nyumba zingetelekezwa. Soko halikuporomoka, na idadi ya watoto wenye risasi nyingi ikashuka kwa kasi zaidi kuliko kwingineko jimboni.

Nyumbani tutaambiwa malaria kwanza, na maabara ziko wapi? Hoja hiyo ina uzito dhidi ya kupima watoto wote. Dhidi ya ukaguzi haina. Kenya imeshaweka kikomo kilekile cha Marekani cha risasi kwenye rangi, sehemu 90 kwa milioni, na kulifuata kopo la rangi kiwandani na dukani hakuhitaji muuguzi wala sindano. Viwanda vya kuyeyusha betri za risasi navyo si rahisi kujificha: vina moshi, vinatakiwa kuwa na leseni. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, hatari ilijulikana kwa njia chungu, baada ya mtoto wa Phyllis Omido, mfanyakazi wa kiwanda cha aina hiyo, kuugua na kukutwa na risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kisha rufaa zikaiburuta kesi hadi Mahakama ya Juu. Ukaguzi kabla ya tanuri kuwashwa ungegharimu kiasi gani ukilinganisha? Mitaa ya namna hiyo ndiyo ya kupelekewa vipimo vya damu mapema, pamoja na watu wa kuuondoa udongo wenye sumu, kwani mtoto akishapimwa atarudi kuchezea uleule.