Kijiti cha Sita

Mwaka 1995 nilikuwa mwanafunzi Marekani, na kazi yangu ya kutwa ilikuwa kuhesabu mikia ya minyoo. Nyumbani sikuwaeleza hivyo. Niliwaandikia kwamba nasoma baiolojia, basi.

Mnyoo mwenyewe, Caenorhabditis elegans, ni wa udongoni na hana madhara. Urefu wake ni milimita 1. Wengi ni huntha wanaojizalia wenyewe. Madume ni wa kubahatisha, ila sisi tulifuga ukoo wenye hitilafu uliotupa madume tele. Mkia wa dume umetanuka kama upepeo, una vijiti 9 kila upande, na kila kijiti ni kiungo cha hisi: seli mbili za neva na moja ya kuzishikilia. Kwa vijiti hivyo humpapasa huntha na kumtambua. Nilivijua kimoja kimoja kama wadogo zangu. Cha sita ni kinene chini, chembamba nchani, huwezi kukikosea.

Jioni moja nikaweka chini ya hadubini dume ambaye jeni yake iitwayo mab-18 imeharibika. Nikahesabu: vinane. Nikadhani nimeuponda mkia kwa kioo, nikaitupa slaidi. Ya pili, vinane. Ya tatu, vinane. Mwenzangu aliyenitangulia miaka mitatu akaja, akainama, akacheka.

"Unatafuta cha sita? Kitazame cha nne."

Kweli bwana. Cha nne kilikuwa kimevimba. Seli za kijiti cha sita zilikuwa zimezaliwa zote. Kilichokosekana ni kujijua. Bila jeni ile zilijiona ni za cha nne, na vijiti viwili vinapojiona ni kimoja, hushikana wakati mkia unajiunda. Kumbe vijiti vya dume mzima husimama mbalimbali kwa sababu kila kimoja kina utambulisho wake.

Makala ya Zhang na Emmons ilikuwa imetoka mwaka huohuo katika jarida la Nature: mab-18 ni ya jamii ya Pax-6, jeni ambayo panya na binadamu huihitaji ili macho yaumbike. Minyoo wetu hawana macho. Usiku ule sikulala mapema.

Nikaandika nyumbani kurasa nne, na michoro. Mama akajibu kwa mstari mmoja, akiuliza kama huko Marekani hakuna dawa ya minyoo.