Swali la Daktari wa Meno

Daktari wa meno niliyemkuta Kasulu alikuwa kijana mdogo kuliko mimi, na ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali lenyewe. Ilikuwa 2019. Nilikwenda kwake kwa sababu maji ya baridi yalikuwa yananichoma meno ya mbele. Nilitegemea aniambie habari za soda na sukari. Akanilaza kwenye kiti, akaingiza kioo, akakaa kimya kidogo, halafu akasema kwa sauti ya chini ili msaidizi wake asisikie:

"Dada, huwa unatapika?"

Nikajibu haraka kwamba nina vidonda vya tumbo. Jibu hilo nilikuwa nimelikariri. Akasema sawa, akaendelea kuangalia. Kisha akanieleza kwamba meno ya mtu wa sukari hutoboka, lakini yangu hayakutoboka. Yamelika upande wa ndani, meno ya juu ya mbele, pale tindikali ya tumboni inapopita. "Na hizo alama za kwenye vidole vyako," akasema, akaishia hapo.

Nikauingiza mkono chini ya kitenge.

Basi niseme wazi, maana nilishindwa kusema kwa miaka saba. Nilikuwa nakula kwa siri, kwa haraka, chakula kingi mpaka tumbo linauma, kisha nakitapika kwa makusudi. Siku nyingine mara moja, siku nyingine zaidi. Mbele za watu nilikula kama watu wengine. Sikuwa nimekonda. Nyumbani kwetu Kibondo walikuwa wananisifu kwamba nimenawiri.

Kibondo tuna maneno ya kutosha ya kukosa chakula. Wazee wana majina ya njaa za zamani, na akina mama wanajua kwa macho tu mtoto aliyelala bila kula. Lakini mtu mwenye chakula anayekula na kukitoa mwenyewe, huyo hana jina. Ukimtafutia jina utasema ana mimba, au amerogwa, au ana dharau.

Nilianzia na mimba. Kila zahanati niliyokwenda kwa kizunguzungu na kiungulia, kitu cha kwanza kilikuwa kipimo cha mimba. Halafu malaria, halafu taifodi. Nimemeza dawa za vidonda vya tumbo kwa miaka, na siwalaumu sana walionipa, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyewaelekeza huko. Daktari anatibu hadithi aliyosimuliwa, na yangu ilikuwa imekatwa katikati.

Mwaka 2017 nilipata kazi ya mkataba katika kambi ya Nduta, ile iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Kazi yangu ilikuwa kupima watoto mikono. Wale waliowahi kufanya kazi hii wanaujua ule utepe. Unauzungusha kwenye mkono wa juu wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kutoka hapo hadi 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 ni kijani, mama anatabasamu na kuondoka. Mwaka huohuo mgawo wa chakula kambini ulipunguzwa kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Nilikuwa nashinda mchana kutwa nikisoma rangi kwenye mikono ya watoto wa wenzangu, jioni narudi chumbani kwangu mjini na mfuko wa mikate na maandazi, nafunga mlango.

Unaweza kufikiri aibu ile ingetosha kuniponya. Haikutosha. Aibu ilinifanya nifunge mlango vizuri zaidi.

Wakati huo ndipo rafiki yangu aliponipa Nervous Conditions, riwaya ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe iliyotoka mwaka 1988. Wengi wenu mmeisoma kama kitabu cha ukoloni na elimu ya msichana, na ndivyo kilivyo. Mimi nilikisoma nikimfuata Nyasha tu, yule binti wa Babamukuru anayekula mbele ya baba yake na kwenda kutapika chooni. Afya yake inapovunjika wanampeleka mjini kwa daktari wa magonjwa ya akili, na daktari yule anasema hawezi kuwa anaumwa, kwa sababu Waafrika hawaugui namna hiyo. Wamrudishe nyumbani, wamkazie. Baadaye anapatikana daktari mwingine mwenye utu, na Nyasha analazwa kliniki wiki kadhaa.

Nilimchukia sana yule daktari wa kwanza. Halafu nikafunga kitabu nikajiambia: Nyasha alikulia Uingereza, ndiyo maana. Mimi ni Muha wa Kibondo, nimelelewa kwa ugali wa muhogo na maharage, ugonjwa wa kizungu nimeupatia wapi? Ilinichukua muda kuona kwamba nilikuwa nimerudia maneno ya daktari yule karibu neno kwa neno. Mtu aliyekuwa ananiambia kwamba Waafrika hawaugui hivi alikuwa mimi.

Turudi Kasulu. Yule kijana wa meno hakunihubiria. Aliniambia nisipige mswaki mara tu baada ya kutapika, nisukutue kwa maji kwanza, kwa sababu mswaki unakwangua jino lililolainishwa na tindikali. Kisha akaandika jina la kitengo kwenye karatasi. "Kuna nesi wa afya ya akili, ni mama mtu mzima. Mwambie nimekutuma mimi."

Nilikaa na karatasi ile miezi miwili. Kwetu ukitaja afya ya akili watu wanaisikia Mirembe, ile hospitali ya Dodoma, na Mirembe kwenye midomo ya watu ni tusi. Nilichokuwa naogopa hasa ni benchi la nje, kwamba atapita mtu wa Kibondo ninayemfahamu na habari ifike nyumbani kabla yangu.

Kilichonisukuma si ujasiri. Siku moja moyo ulianza kurukaruka, mikono ikafa ganzi, nikaanguka dukani. Walipopima damu waliona potasiamu imeshuka sana. Ni madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa, na anayetapika mara kwa mara huyapoteza bila kujua. Niliwekewa dripu. Wiki iliyofuata nikaenda kukaa kwenye benchi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Nini kinakusumbua?"

Nilikuwa nimejiandaa. Mpenda vitabu huja na hadithi iliyopangwa. Nikamweleza kuhusu kambi, utepe, watoto wenye nyekundu, na kwamba nadhani mwili wangu unakataa chakula kwa sababu ya njaa ninayoiona. Niliipenda hadithi ile. Ilinifanya mtu mwema.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Pole kwa kazi hiyo, ni nzito. Sasa, kutapika kulianza lini?"

Nikakaa kimya. Kulianza mwaka 2012, kidato cha tano, bweni, wenzangu walipokuwa wananiita Bonge. Nduta nilikuwa sijaiona hata kwa macho. Wale watoto hawakuhusika, na mimi nilikuwa nimewabebesha ugonjwa wangu juu ya njaa yao.

"Kidato cha tano," nikasema. Akaandika. Nahesabu matibabu yangu kuanzia pale, na si kuanzia kwenye dripu.

Baadaye nilisoma kwamba hata huko tunakoita uzunguni ugonjwa huu ulikaa muda mrefu bila jina. Ule wa kujinyima chakula ulielezwa na William Gull huko London na Charles Lasègue huko Paris, wote mwaka 1873. Wangu, wa kula sana na kutapika, ulisubiri hadi 1979, Gerald Russell alipoueleza na kuuita bulimia nevosa. Zile alama za vidoleni, ambazo yule kijana wa Kasulu aliziona, zinaitwa kwa jina la Russell. Nilifarijika. Ugonjwa unaweza kuwepo muda mrefu kabla ya neno lake.

Tiba yenyewe haikuwa na maajabu. Nesi alichana karatasi ya daftari, akachora mistari: saa, nimekula nini, wapi, nilijisikiaje, nimetapika au la. Niandike kila siku, bila kudanganya. Na nile kwa saa: milo mitatu, vitafunwa katikati, nisikae zaidi ya saa tatu au nne bila kitu tumboni, hata kama jana nilitapika. Hapo nilibisha. Nilidhani dawa ya kula sana ni kujinyima. Akanionyesha kwenye karatasi yangu mwenyewe: kila siku niliyoshinda njaa, jioni yake nimefunga mlango. Nilikuwa naitengeneza njaa kwa mikono yangu, halafu naiogopa. Baada ya muda alinipa rufaa kwa daktari Kigoma mjini, nikaanzishiwa vidonge pia, lakini karatasi iliendelea.

Nilipanda gari kwenda Kibondo siku ya Jumamosi kumwambia mama. Vumbi jekundu lilijaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amepika mgebuka kwa mawese, makusudi kwa ajili yangu. Nikamwambia kabla sijanawa, ili chakula kisije kikawa ushahidi dhidi ya maneno yangu. Nilimwambia kwa Kiswahili, kwa sababu Kiha changu hakikuwa na pa kuanzia.

Alinyamaza. Nikangoja mchungaji atajwe, mganga atajwe, jirani mwenye kijicho atajwe. Akauliza, "Yaani hata vyakula vyangu?"

"Hata vyako, mama."

Akafuta mikono kwenye kanga. Akaangalia sufuria muda mrefu. "Sasa huyo nesi amesema ule saa ngapi?"

Nikamtajia. Saa moja, saa nne, saa saba, saa kumi, saa moja jioni.

Sijapona kama watu wanavyotaka nipone. Mwaka jana nimeanguka mara mbili, na zote nimeziandika kwenye karatasi. Meno yaliyolika hayaoti tena. Lakini saa nne asubuhi simu hulia, na mama, ambaye hajawahi kunitajia tena ule ugonjwa, huuliza swali ambalo kila mama wa kwetu huuliza, na ambalo kwa miaka saba nilikuwa nalijibu kwa uongo.

"Umeshakula?"

Siku hizi namwambia nimekula nini.