Upepo wa Mbisho: Siku Moja kwa Baiskeli Kaskazini mwa Malindi

Msomaji aliyezoea kukuta katika kurasa hizi uchambuzi wa matini huenda akashangaa kuombwa aandamane na mhadhiri wa makamo aliyepanda baiskeli ya kukodi, katika siku ya kusi, kwenye pwani isiyo na kivuli. Namwomba radhi na uvumilivu. Jambo ninalokusudia kulieleza ni la uhakiki, ingawa nililipata barabarani. Na kwa kuwa linahusu kosa langu mwenyewe, sikuona njia ya haki ya kulieleza ila kwa nafsi ya kwanza.

Miaka saba iliyopita nilimsimamia mwanafunzi wa uzamili, Mgiriama mzaliwa wa pwani ya Magarini, aliyekuwa akiandika tasnifu kuhusu mashairi ya majibizano. Sura yake ya tatu ilishughulikia malumbano ya washairi wa Mombasa na wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, zama za Muyaka bin Haji na za vita vya Shela. Hoja yake ilisimama juu ya neno moja: kubisha. Kwetu sisi wa darasani, kubisha ni kupinga kauli ya mwenzio. Kwa baharia, alisema, kubisha ni kukiendesha chombo kinyume cha upepo, na upepo wa namna hiyo huitwa upepo wa mbisho. Chombo kinachobisha hakielekezi omo lake moja kwa moja kule kinakokwenda. Hukata upande mmoja, kikageuza tanga, kikakata upande wa pili, hata kikafika. Basi mshairi anayejibizana, alihitimisha, hamkabili mpinzani wake kifua kwa kifua; humwendea kwa mshazari, kwa fumbo hili na fumbo lile, na msomaji asiyejua mwendo wa chombo atadhani kuwa mshairi amepotea njia.

Pambizoni mwa sura hiyo niliandika kwa wino mwekundu: "Hii ni leksikografia, si uhakiki. Upepo hapa ni sitiari tu." Alikuja ofisini mara moja kujieleza, nami nikamjibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Baada ya hapo ziara zake zilipungua. Karo ilikuwa tatizo, na kazi ya ualimu wa shule ya msingi ilikuwa ikimngoja kwao. Tasnifu haikukamilika. Sikuwahi kudai kwamba maneno yangu yalikuwa sababu, wala sikuwahi kuwa na hakika kwamba hayakuwa.

Agosti iliyopita nilikuwa Malindi kwa shughuli za kikazi, naye akapata habari, akanipigia simu kunialika kwao, kijiji kilicho ng'ambo ya Gongoni, karibu kilomita 30 kutoka mjini. Ningaliweza kupanda matatu. Nilichagua baiskeli kwa sababu ya kiburi kidogo: nililelewa bara, katika nchi ya vilima, na nilikwenda shule ya upili kwa baiskeli miaka minne. Barabara tambarare ya pwani haikunitisha. Niliyokodishiwa ilikuwa ya chuma kizito, haina gia, ina kerieri pana la kubebea madumu ya maji.

Asubuhi ilikuwa njema kupita kiasi. Nilivuka daraja la Sabaki jua likiwa bado chini. Mto huo, ambao huanza safari yake katika nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, hufika hapo ukiwa umebeba udongo wa nchi nzima, na maji ya ghuba ya Malindi hubadilika rangi kwa ajili yake. Mlangoni mwa mto walisimama heroe, mguu mmoja mmoja. Ng'ambo ya mto, upande wa bahari, yalianza machuguu ya mchanga ambayo upepo huyajenga na kuyabomoa, na nyuma yake mivinje iliyoinama yote upande mmoja, kana kwamba imeamrishwa. Nilifika Mambrui bila jasho. Nilisimama mbele ya kaburi la kale lenye mnara, ambalo mafundi wake walilipamba kwa vyombo vya kauri ya Kichina, kisha nikaendelea. Nakiri kwamba nilianza kujisifu. Nilisema moyoni kuwa umri haujanipunguzia kitu, na kwamba wenzangu idarani wanaolalamikia magoti yao wanazembea tu.

Haikunipitikia kuwa ni kusi lililokuwa likinisukuma. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia mwezi wa Aprili hivi hadi Septemba, nami nilikuwa nikielekea kaskazini. Mambo haya nimeyafundisha. Kila mwaka huwaeleza wanafunzi kuwa Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi likianza, akafika Calicut katika muda usiotimia mwezi mmoja. Na kwamba alipogeuka kurudi kabla ya kaskazi kutulia, bahari ile ile ilimtoza takriban miezi mitatu na roho za mabaharia wengi, hata akaiona Malindi tena Januari 1499. Huwa nausimulia mkasa huo kama utangulizi wa somo la taswira za bahari. Siku hiyo nilikuwa ndani ya mkasa wenyewe, na sikuutambua.

Baada ya Gongoni niliiacha lami. Hapo nchi hubadilika ghafla. Minazi hukatika, na mbele ya macho hutandazika uwanda wa kijivu usio na mti, uliogawanywa kwa matuta kuwa mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa humo, yakaachiwa jua na upepo, hata yakakauka. Kisha chumvi hukwanguliwa na kurundikwa vilima vyeupe vinavyoumiza macho. Upepo ulikuwa umezidi nguvu. Ulibeba chembe za chumvi na mchanga, ukazitia machoni na mdomoni, ukapiga mluzi katika njiti za magurudumu. Nilishuka nikatoa daftari langu na kuandika: "Utupu. Pwani isiyosema lolote." Sentensi hiyo ilinipendeza. Nilikwisha kuiwazia nafasi katika makala fulani.

Mwenyeji wangu alinipokea kwa maji ya kunawa na kwa swali moja: "Umekuja na upepo, Mwalimu?" Nilimwambia kuwa nimekuja na baiskeli. Alicheka kwa adabu, akaniambia tutalizungumza hilo baadaye.

Tulikula sima na samaki kwa mchuzi wa nazi aliopika mamake, kisha tukatembea juu ya matuta. Nilimsomea sentensi yangu. Hakukasirika. Alinyosha mkono akaanza kunionyesha: pale palikuwa na mikoko, ndipo walipokuwa wakitafuta kaa alipokuwa mtoto, huku palikuwa na njia ya kwenda kisimani, kabla maji ya kisima kugeuka chumvi, ule mkwaju ulio peke yake ulikuwa katikati ya boma la babu yake mdogo. Alinikumbusha kuwa mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilichapisha ripoti ya uchunguzi wake wa hadhara kuhusu uzalishaji wa chumvi katika Magarini, na kwamba miongoni mwa mambo ambayo wakazi waliyalalamikia ni ardhi. "Neno hilo uliloandika, Mwalimu," alisema, "sisi tulilisikia zamani. Walipokuja kupima, walisema pia kwamba hapa ni patupu."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeusoma uwanda ule kama nilivyoisoma sura yake ya tatu. Katika hali zote mbili nilikutana na kitu kilichoandikwa kwa lugha nisiyoifahamu, nikatangaza kuwa hakikuandikwa kitu.

Nilimuuliza, kwa kuwa ilinibidi kuuliza, kama angefikiria kurudi chuoni. Alinyamaza kwa muda, akiutazama moshi uliokuwa ukitoka jikoni kwa mamake na kulazwa na upepo kuelekea kaskazini. "Nitafikiri," alisema. "Lakini ile sura, Mwalimu, sitaibadilisha." Aliponisindikiza hadi njia kuu alinishauri nisirudi kwa barabara yote, bali niingie vijijini panapowezekana, nijikinge na minazi na nyumba, hata kama njia ni ndefu zaidi. "Kusi la alasiri huliendei kwa kifua," alisema. Nilimshukuru, kisha nikashika barabara iliyonyooka, maana ilikuwa fupi.

Safari iliyonichukua saa mbili asubuhi ilinichukua saa tano kurudi. Upepo haukuvuma kwa vipindi, bali ulisimama mbele yangu kama mtu. Nilipoinua kichwa ulinisukuma kifuani, nami nilipoinamia usukani niliona tu pedeli na kipande cha lami ambacho hakikwisha. Kwenye mteremko mdogo kabla ya Mambrui, mahali ambapo asubuhi nilikuwa nimeteleza nikiimba, ilinilazimu kukanyaga kwa nguvu ili baiskeli ishuke. Hatimaye nilishuka, nikakokota. Watoto waliokuwa wakitoka kuteka maji walinipita kwa njia ya ndani, chini ya minazi, wakiendesha baiskeli mbili zilizopakia madumu, wala hawakuonekana kuchoka. Niliwafuata. Njia ilipinda kulia, ikapinda kushoto, ikazunguka msikiti, ikapita nyuma ya ua wa makuti. Mara nyingine ilinipeleka nikiwa nimeipa Malindi mgongo. Hata hivyo nilikuwa nikisonga mbele. Baiskeli haina tanga, na mtu hawezi kubisha nayo kama jahazi; sitaki kuivuta sitiari hii kuliko inavyoweza kuhimili. Nasema tu kwamba katika njia ile ya kupinda nilielewa, kwa mapaja na kwa mgongo, kile nilichokuwa nimeelezwa ofisini kwangu miaka saba iliyopita nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Itaulizwa, na ni swali la haki, kama mhakiki hana budi kuteswa na upepo ndipo aweze kulisoma shairi la upepo. Sisemi hivyo. Uhakiki ungekuwa kazi ya wachache mno iwapo kila msomaji angetakiwa kuwa baharia. Wala sidai kuwa hoja ya mwanafunzi wangu haina upungufu. Bado naona kwamba inahitaji mifano zaidi, na kwamba si kila shairi la majibizano litaitii. Lakini maana zote mbili za kubisha zilikuwamo katika kamusi iliyokuwa juu ya rafu yangu, hatua mbili kutoka nilipokaa. Sikuinuka. Neno "sitiari", ambalo ni chombo chetu cha kufungulia matini, nililitumia kama komeo. Nilipoandika "sitiari tu", lile "tu" ndilo lililoharibu kazi, kwa kuwa sitiari haiwi sitiari pasipo kitu halisi kilichobebwa ndani yake, na kitu hicho halisi mwanafunzi alikuwa nacho, mimi sikuwa nacho.

Nilifika Malindi usiku umeingia. Mwenye baiskeli aliitazama minyororo iliyojaa mchanga, akanitazama na mimi, akanisamehe faini ya kuchelewa.

Katika daftari langu nimeifuta ile sentensi ya utupu. Maelezo ya wino mwekundu siwezi kuyafuta, kwani nakala anayo mwenyewe, nami sikuthubutu kumwomba anionyeshe. Nimemwandikia mkuu wa idara kuuliza ni kwa masharti gani mwanafunzi aliyekatiza masomo anaweza kusajiliwa upya. Mengine yamo mikononi mwa mwenye sura yake. Akiamua kurudi, atarudi na sura hiyo kama ilivyo, nasi tutabishana juu yake, kwa maana zote mbili za neno hilo.